Karanga za Kichwa

"Nilikuambia sitaki! Tangu siku ya kwanza nilikuambia!"

"Hukusema hutaki. Ulisema nzito."

"Mama, mtu akikwambia kitu ni kizito, anakwambia kwa adabu kwamba hakitaki."

"Basi adabu zako ndizo zimetumaliza. Umekula kiasi gani?"

"Kijiko."

"Kijiko kimoja?"

"Kimoja kila asubuhi. Si ulikuwa umesimama hapo hapo unanitazama nikimeza?"

"Siku tisa," mama akasema. Akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, vidole havikumpa jibu lingine. "Siku tisa! Mungu wangu, nimemlisha mtoto sumu kwa mkono wangu mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini nafunga kamba za buti. Waliokuwa wanagombana ni mama na mdogo wangu. Katikati yao, juu ya meza ya cherehani, limekaa kopo la siagi ya karanga kama maiti inayongoja ndugu wafike. Mdogo wangu tunamwita Msomi. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata mwenye duka. Mimi wananiita Cheche, kwa sababu nachomelea mageti, na kwa sababu nyingine ambazo mama anazijua.

Ilikuwa Jumanne, chai bado ina moshi. Shangazi alikuwa ametuma ujumbe kwenye simu ya mama. Kiwanda kinaomba makopo yote ya siagi ya karanga yenye namba fulani chini ya kitako yarudishwe dukani, yamekutwa na vijidudu. Aliyekula aangalie homa, tumbo, kutapika, kuharisha. Asipuuze. Msomi akaligeuza kopo, akasoma namba, akasoma simu, akasoma tena kopo. Yeye hata akiambiwa nyumba inaungua atataka kwanza kuhakikisha. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo, "Ni lenyewe."

Mama akaweka kiganja kwenye paji la uso la Msomi. "Huna joto. Au unalo? Hebu geuka huku, baba."

Baba. Msomi anaitwa baba. Mimi naitwa we.

"Hata mimi tumbo linanisumbua tangu Jumapili," nikasema.

Mama hakugeuka. "We naye! Msomi akinunuliwa viatu, wewe miguu inauma. Msomi akiwa na mtihani, wewe kichwa kinauma. Leo si siku yako. Nenda kazini."

Nikaenda. Lakini kabla hamjanihurumia, ngojeni niwaambie kitu ambacho mimi peke yangu ndani ya nyumba ile nilikuwa nakijua. Msomi hakuwa amekula sumu. Hata chembe. Sumu nilikula mimi, kopo zima.

Ilianza kama mwezi mmoja nyuma. Kuna mteja wa mama, mama anamshonea magauni, alimwambia karanga zinalisha ubongo. Msomi ana mtihani wa mwisho wa chuo, basi kesho yake mezani kuna kopo. La kiwandani, lenye picha na kifuniko cha bluu. Mimi nikanyoosha kisu nipake kwenye mkate wangu kama binadamu wengine. Mama akanipiga kidogo mkononi, akasema, "Acha. Hizi ni karanga za kichwa. Za mwenye mtihani."

"Kwani mimi huku juu nimebeba mtungi?"

Mama akacheka. Msomi akacheka mpaka chai ikampalia. Mimi sikucheka. Nikasema kuanzia leo mimi sili asubuhi, na mimi nikisema nimesema. Chai ya nyumbani nikaiacha. Nikawa naamka kabla yao, navaa, natoka na tumbo tupu kwenda kushika moto.

Tumbo tupu la kusema, maana kila alfajiri nilikuwa nafungua lile kopo nachota vijiko viwili, vitatu, nimesimama, nalamba kijiko, nakifuta kwenye suruali, naondoka. Siku ya nne nikakuta uzi.

Mama ni fundi wa nguo, kila kitu anakiwekea alama. Kwenye kopo alikuwa amezungusha uzi mwekundu wa cherehani, fundo dogo safi, sawasawa na pale siagi ilipofika. Siagi ikipungua, anaushusha uzi. Kopo lenyewe ni la plastiki, linaonyesha ndani, kwa hiyo uzi hauna siri. Nikasimama nao pale jikoni. Hajaniuliza, hajanigombeza. Amenifungia uzi tu, kama mtu anavyotegea panya. Nikachota vijiko vinne siku ile, kwa hasira. Jioni uzi ulikuwa umeshushwa, na mama hakusema neno.

Kopo la kwanza likaisha. Jumamosi akaleta la pili, kubwa zaidi, halijafunguliwa. Nikasema sawa, mama. Wewe fundi, na mimi fundi.

Jumapili akaenda kwa shangazi, Msomi yuko chuo anasoma na wenzake. Nikafungua kifuniko. Chini yake kuna ile karatasi ya kung'aa imegandishwa ukingoni. Nikaibandua taratibu kwa wembe. Siagi yote nikaihamishia kwenye kopo langu la kazini, nikakomba mpaka kuta. Halafu nikaenda kona ya pili, kwa yule mama mwenye mashine ya kusaga, anayeuza karanga za kusaga za kupima, anakutilia kwenye mfuko. Nikajaza lile kopo la kiwandani, nikagonga gonga hewa itoke, nikasawazisha juu kwa mgongo wa kijiko. Nikapasha kijiko kingine motoni, nikakipitisha ukingoni mwa ile karatasi, polepole, mzunguko mmoja. Ikashika. Mimi kazi yangu ni hiyo, kuziba. Nikishaziba nikapiga msasa, hujui palikatika wapi.

Jumatatu Msomi akafungua mwenyewe, karatasi ikalia pwaa kama mpya. Akaonja. "Hii ya sasa nzito kidogo."

Mama akaonja kwa ncha ya kidole. "Nzito ndiyo nzuri. Unaona kitu cha kiwandani? Si hizi takataka za kupima wanazouza hapo kona."

Nilikuwa nje natafuta buti. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na wiki nzima, kule karakana, nikala karanga za kichwa na mkate, mchana kweupe, nimeegemea geti la watu. Tamu! Jumamosi nikakomba kopo kwa kidole.

Kwa hiyo Jumanne ile, natembea kwenda kazini, tumbo linazunguka kama mashine ya kuchanganya zege, ndipo hesabu ikaniingia. Jumapili nilidhani nimekula kitu kibaya njiani. Jumatatu nikasema ni jua. Sasa nilikuwa najua.

Karakana tuko wawili na mwenye karakana, ambaye haji. Mwenzangu anaitwa Nyundo kwa sababu ya kichwa chake, kirefu mbele na nyuma. Nikamweleza yote. Ilibidi nimweleze mtu.

Nyundo akavua ngao ya kuchomelea, akanitazama. "Ngoja. Lile kopo ulilokuwa unalinyonya wiki nzima?"

"Ndiyo hilo."

"Lile nililokuomba hata kifuniko nilambe, ukasema niende kwetu?"

"Ndiyo."

Akainua mikono juu. "Asante Mungu kwa choyo cha huyu mtu! Cheche, uchoyo wako umeniokoa maisha. Mwanangu nitakayempata nitamwita jina lako."

"Usinichekeshe, tumbo linauma."

Akaacha kucheka. "Mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Kwamba chakula cha kichwa cha Msomi niliiba mimi, nikajaza karanga za kona, nikafunga na kijiko cha moto?"

"Mficha maradhi..."

"Usinimalizie hiyo methali."

"Na mdogo wako je? Yupo huko anatetemeka bure."

Nikavaa ngao, nikawasha mashine. Jibu lilikuwa baya. Kutetemeka kwake kulinipendeza. Maisha yake yote Msomi anapata kizuri mimi napata kilichobaki. Leo amepata woga, na huo nao kapata mwingi kuliko mimi! Mimi mwenye sumu tumboni sikupata hata kuulizwa umelalaje. Nikasema, na atetemeke. Jioni nitamwambia mama.

Jioni nikakuta nyumba imefungwa. Jirani dirishani akaniambia, "Mdogo wako wamempeleka hospitali, anatapika." Nikaingia ndani. Kwenye cherehani kulikuwa na shati jeupe, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umebanwa na pini. Shati la mtihani. Mama alikuwa analishona wiki ile yote, kola mara mbili ameibomoa kwa sababu haikukaa sawa. Mimi shati langu la mwisho alilonishonea mama, nilikuwa bado naota meno ya mbele.

Nikalala na ndoo karibu.

Jumatano nilifanya kazi nusu siku, nusu nyingine nilikuwa chooni. Nikaenda hospitali saa ya kuona wagonjwa. Wodi ndefu, vitanda pande mbili, harufu ya dawa ya sakafu. Msomi yuko karibu na dirisha, dripu mkononi, kitabu tumboni. Shangazi amekaa miguuni pake anamenya chungwa. Mama amesimama kichwani. Na chini ya kichwa cha Msomi kuna mto, si wa hospitali, wa nyumbani. Nikautazama vizuri. Mto ule ulikuwa wangu.

"Umekuja," mama akasema. "Usimkaribie sana, una vumbi."

Daktari alikuwa ameshapita. Huenda mgonjwa hana kitu, alisema, lakini kala kitu kibaya na anatapika, kwa hiyo hatoki mpaka majibu ya kipimo cha choo yapatikane. Hawezi kumruhusu akakae chumba kimoja na wanafunzi mia. Majibu ni kesho saa nne. Mtihani ni kesho saa tatu. Asipofanya, anasubiri mwaka mzima.

Msomi alikuwa amekonda kwa siku moja, sijui aliwezaje. Mama na shangazi walipotoka kwenda kuchukua maji ya moto akanishika mkono. "Kaka, nisikilize. Mimi najijua. Sina kitu. Natapika woga. Nilisoma zile dalili zote na kila niliyoisoma ikanijia, na kama wangeandika kuota pembe ningeota."

"Sasa?"

"Wewe kopo lile uliligusa? Hata kuonja? Mimi sijali, kaka, kula ni kula. Lakini kama ulionja na wewe mzima unatembea, nitamwambia daktari, labda ataniachia kesho niende."

Akanitazama. Mdogo wangu ana macho ya mama, na hilo nalo sijalisamehe.

Nilikuwa nalo neno. Lilishafika mdomoni, naapa. Lilishagusa meno. Ningesema, "Hukula, Msomi. Nilikula mimi, wewe ulikula za kona." Kazi ingekwisha pale pale. Ndipo mama akarudi na beseni. Akachovya kitambaa, akakamua, akampangusa Msomi shingo, nyuma ya masikio, kiganja cha mkono kidole kimoja kimoja, huku anaimba chini chini wimbo wake ule wa kushonea. Mimi nimesimama pale, mgongo umelowa jasho la baridi, kitanda kinapanda na kushuka machoni. Mama hakuinua uso.

Neno likarudi tumboni likakae na sumu.

"Mimi sikuonja," nikasema. "Hizo ni za kichwa. Mimi na kichwa wapi na wapi?"

Msomi akauachia mkono wangu.

Nikitoka, muuguzi mmoja mnene, mwenye saa kifuani, akanizuia mlangoni. "Wewe kijana unatetemeka."

"Ni joto la kazi."

"Joto gani linatetemesha?"

"La chuma," nikasema, nikapita. Ndani ya siku mbili, mtu wa kwanza kuniona alikuwa mtu aliyelipwa kuona.

Alhamisi nilikwenda kazini kwa ubishi. Kuna geti la mteja la kumaliza, limebaki bawaba tu. Nikachomelea bawaba ya juu, nikachomelea ya chini, nikamwita Nyundo tulisimamishe. Nyundo akalitazama geti, akanitazama mimi.

"Cheche, hili geti litafungukia wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi? Umeweka bawaba upande wa komeo. Hili likifunguka linafungukia ukutani. Ni geti la mchawi hili."

Nikataka kucheka. Nikaona Nyundo wako wawili, wote wana vichwa virefu, halafu sakafu ikanijia usoni.

Alinibeba kwenye pikipiki ya mteja, amenifunga kiunoni kwa mkanda wake nisianguke. Nakumbuka jua, kelele, halafu dari ya hospitali na yule muuguzi mwenye saa kifuani. "Nilikuona jana," akasema. "Joto la chuma." Akanidunga sindano ya dripu bila kunionea huruma. Daktari kijana, amechoka, anaandika huku anauliza: tumbo tangu lini, homa tangu lini, umekula nini wiki iliyopita.

"Mkate," nikasema.

"Na nini?"

"Chai."

"Kijana, damu yako imeanza kuchafuka. Nikikupa dawa ya kubahatisha, tutabahatisha wote. Umekula nini?"

Mlango ukasukumwa, mama akaingia mbio, viatu mkononi. Nyundo alikuwa amekwenda kumwita wodini. Akafika kitandani, akaweka kiganja kwenye paji langu. Mkono wa mama una sugu ya sindano kwenye kidole cha kati. Nilikuwa nimesahau.

"Anaungua!" akasema. "Baba, umekula nini? Niambie, baba."

Baba. Hilo lilinivunja, si homa wala daktari.

"Kopo la kiwandani," nikasema. "Lote. Nililitoa Jumapili ile kabla hamjafungua. Nikajaza za kupima za kona, nikafunga karatasi kwa kijiko cha moto. Msomi hakula sumu. Nilikula mimi."

Daktari akaandika. Kwake ilikuwa habari njema, alikuwa amepata alichokitaka.

Mama akasema polepole, "Yaani Msomi hakula?"

"Hakula."

Na uso wake ukafunguka. Kitambo kidogo tu, kama mtu anavyofungua dirisha akalifunga, lakini ulifunguka, ukang'aa. Niliona. Msiniambie ni homa, niliona. Mimi nimelala pale na mpira mkononi, na mama yangu amefurahi.

Halafu ukajifunga, akanigeukia, na sasa alikuwa na hasira. "Lote? Kopo zima umekula peke yako?"

"Ulinifungia uzi. Kama mwizi."

"Uzi?"

"Uzi mwekundu. Unipime nimeiba kiasi gani."

Mama akakaa ukingoni mwa kitanda. Viatu bado ameshika. "We mtoto," akasema. "Uliapa huli asubuhi. Ungekula ukiambiwa? Uzi ule nilifunga nijue kama umekula. Nikiamka nakuta siagi imeshuka chini ya uzi, nasema haya, kaenda na kitu tumboni, leo hataanguka kwenye moto wa watu. Kopo la pili kwa nini nilinunua kubwa? Msomi anakula kijiko kwa kulazimishwa!"

Akaviachia viatu sakafuni.

"Halafu wiki ile, kopo la pili nalo nimelifunga uzi, nikaona siagi haishuki alfajiri. Inashuka kwa kile kijiko cha Msomi tu. Nikasema huyu naye, kiburi kimezidi, sasa kaacha hata kuiba. Ndiyo maana Jumanne uliposema tumbo nikajua ni yale yale ya siku zote. Nilikuwa na hakika hukugusa. Uzi uliniambia hukugusa."

Kazi yangu kuziba. Nilikuwa nimeziba vizuri mno.

Nyundo, aliyekuwa amesimama pembeni, akakohoa kama mtu aliyetaka kutoka na hajui apitie wapi. Nikageuza shingo. Msomi alikuwa mlangoni.

Amesimama na karatasi ya ruhusa mkononi, begi begani. Amevaa lile shati jeupe. Mama alikuwa amelimalizia pale pale wodini kwa mkono, ili majibu yakitoka mapema akimbie. Majibu yalikuwa yametoka, hana kitu. Saa ya ukutani juu ya kichwa chake ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Mlango wa mtihani hufungwa nusu saa baada ya kuanza, hilo hata mimi ninalijua.

Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Kwa uso wake, alikuwa amesikia tangu mwanzo.

"Ulijua lini?" akaniuliza.

"Jumanne."

"Jumanne asubuhi?"

"Ndiyo."

"Na jana nilipokuuliza?"

"Nilikuwa najua."

Mama akasema, "Msomi, baba, mwenzako anaumwa, hayo baadaye..."

Msomi akainua kiganja, mama akanyamaza. Sijawahi kumwona akimnyamazisha mama. Alitazama dripu yangu, ikidondoka. Akatazama buti zangu, Nyundo alikuwa amezivua na kuzipanga chini ya kitanda, moja imeelekea huku, nyingine kule. Nilingoja anitukane. Mtu akinitukana najua pa kuanzia.

"Mimi karanga sizipendi," akasema. "Tangu tukiwa wadogo nilikuwa nakutilia zangu mfukoni mwako. Umesahau? Ungeniomba tu."

Sikuwa nimesahau. Lakini mkono wa mama ulikuwa kwenye paji langu, ule ule nilioutaka, wa moto na sugu yake, na nikageuza macho nione yeye anatazama wapi. Alikuwa anatazama mlangoni.

Msomi akaikunja karatasi ya ruhusa mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Akageuka. Mgongoni lile shati lilikuwa limekaa sawasawa mabegani, mshono mmoja haukupinda, kola imesimama kama ya bwana harusi. Akaenda zake, na mimi nikalitazama lile shati mpaka likakata kona.